Bati Likizidi

Nina cyber ndogo, duka la intaneti, mtaa wa Mowlem huku Eastlands, chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao, kompyuta sita upande wa wateja na moja upande wangu. Zamani ilijaa. Watu walisimama mlangoni wakingoja kiti, nami niliwakemea wasinikanyagie nyaya. Siku hizi kila mtu ana simu yake, na wanaokuja kwangu ni wale ambao simu imewashinda: anayetaka kujaza fomu ya serikali, anayetaka fotokopi ya kitambulisho, mama wa kanisa anayetaka ratiba ya mazishi ichapwe upya kwa sababu jina la marehemu limekosewa. Hao huja asubuhi mapema. Wakishaondoka, kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa nane watoto wanapotoka shule, naweza kukaa bila kusema neno hata moja kwa sauti.

Sisemi haya nihurumiwe. Huruma napewa ya kutosha kanisani, na haijawahi kunisaidia kubeba mtungi wa gesi kupanda ngazi. Nina miaka arobaini na saba, sijaolewa, sina mtoto. Baba alikuwa karani wa reli, akatoka magharibi na sanduku moja la mbao akatulea katika nyumba za reli, watoto watano kwenye chumba na jiko. Wenzangu wanne wametawanyika, kila mmoja na watu wake. Mama alikaa nami miaka yake sita ya mwisho, na alipofariki nikakifanya chumba chake stoo ya kompyuta mbovu. Miezi ya kwanza nilikuwa bado napika chakula cha watu wawili, halafu nakasirika na sufuria.

Mchezo niliuanza kwa ajali. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliiacha kompyuta namba nne ikiwaka akaenda zake, nami nikakaa kwenye kiti chake nimfungie. Kwenye skrini kulikuwa na kijitu kilichovaa aproni, kimesimama mbele ya tanuri, kinangoja. Maandishi ya Kiingereza yalisema kina shaba na bati mfukoni. Nikabonyeza mahali, kikatupa kila kitu motoni, moshi ukatoka, na mchezo ukaniambia nimeharibu. Mimi siambiwi nimeharibu nikaondoka tu. Kufika saa saba nilikuwa nimejiandikisha akaunti yangu mwenyewe.

Katika mchezo ule unaweza kuwa shujaa, mwindaji, hata mwizi wa farasi. Mimi nilichagua kuchanganya metali. Wachezaji wengi wanaichukia kazi hiyo kwa sababu ni kurudia jambo lilelile: unachukua metali mbili, unazipima, unazitia kwenye tanuri, mivukuto ya kupuliza moto inavutwa, unapata aloi, na ujuzi wako unasogea kidogo sana. Unaanzia ngazi ya kwanza, ukivumilia unafika ya mia. Ukikosea kipimo unapata takataka, ile ambayo kamusi inaiita mavi ya chuma. Niliajiriwa miaka kumi na minne kupanga mafaili kabla ya kufungua cyber, kwa hiyo kazi yenyewe haikunitisha.

Kilichonichekesha ni lugha. Vipimo vyangu niliviandika nyuma ya fotokopi zilizoharibika, na kwa ukaidi tu nikasema nitaviandika kwa Kiswahili. Aloi ya kwanza ni sehemu tisa za shaba na moja ya bati. Nikatafuta kinachotoka hapo kinaitwaje. Kamusi ikaniambia: shaba. Yaani unachukua shaba, unatia bati, unahangaika na moto, mwisho wa yote unapata shaba. Nikatafuta ile ya shaba na zinki. Shaba. Nikacheka mpaka kinyozi wa jirani akagonga ubao.

"Auntie, uko sawa? Unacheka na nani huko?"

"Hakuna kitu," nikamjibu, maana ningeanzia wapi?

Mchezo huo una nyumba za tanuri ambazo wachezaji wote wanazitumia. Mtu anaingia, anafanya yake, anatoka. Hakuna anayemsalimu mwenzake. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambazo milango ilikuwa wazi kutwa, lakini ole wako ukanyage kizingiti cha mtu bila kupiga hodi. Mama alikuwa akikurudisha nje uanze upya, hata kama umebeba maji. Basi kila nilipoingia kwenye nyumba ya tanuri niliandika kwenye gumzo la wachezaji: hodi. Nilikuwa najichekesha tu. Mzungu mmoja, au nadhani ni mzungu, aliniuliza hodi ni metali gani na inapatikana mlima upi. Wengine hawakujibu kabisa. Niliendelea kwa wiki tatu hivi.

Siku moja, asubuhi ya saa nne, mvua inanyesha na njia yote imekuwa matope, niliingia nikaandika hodi. Chini yake kukatokea maandishi:

"Karibu ndani, mwenyeji yupo."

Nilisimama. Sijui kwa nini mtu asimame kwa sababu ya maandishi, lakini nilisimama, nikatazama mlangoni, nikakaa tena. Kando ya tanuri kulikuwa na kijitu kingine, jina lake mseto wa herufi na tarakimu, kimeshika mivukuto.

"Niaje! Uko wapi we?" nikaandika mbiombio, nikiogopa ataondoka.

"Niaje ndiyo nini?"

"Mambo. Habari yako."

"Hapo sawa. Nzuri, alhamdulillahi. Basi kuna tanuri la watu wawili huku ndani. Njoo nikuvutie, wewe upime."

Lile tanuri la wawili nilikuwa naliona siku zote na sikuwahi kuligusa. Mmoja anapima na kutia metali, mwingine anavuta mivukuto kwa mpigo, na ujuzi unaopatikana unagawanywa, kila mmoja anapata zaidi ya ambavyo angepata peke yake. Nikapima tisa kwa moja. Akavuta. Ikatoka safi. Tukafanya tena, na tena, mpaka akaniambia wali wake umeiva, akapotea.

Kesho yake saa nne nilikuwa nimekaa. Naye akaja.

Alikuwa mtu wa Pwani, na Kiswahili chake kilinitia adabu. Nikiandika "kuja hapa" ananiambia "njoo, mwenzangu, si kuja." Nikiandika "nipe bati" ananiuliza kama tumegombana. Siku ya tatu au ya nne akaniita shoga, na mimi nikawaka. Kwetu hilo ni tusi la kupigania. Nikamwandikia kwamba mimi simjui wala hanijui, na kama amekuja kunitukana aende akatukane kwao.

Akaacha mivukuto. Halafu: "Ewe mtu wa bara! Kwetu shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenziwe. Nimekuita rafiki. Kama hutaki nitarudisha."

"Usirudishe," nikaandika.

Yeye ndiye aliyetatua taabu yangu ya shaba. Nilipomweleza kwamba kila tunachotengeneza kinaitwa shaba, akasema hiyo si taabu, tutoe majina yetu. Ile ya bati tukaiita uchumba, kwa kuwa ndiyo ya kuanzia. Ile ya zinki tukaiita ndoa, kwa kuwa inang'aa na inadanganya watu kwamba ni dhahabu. Na ile takataka inayotoka kipimo kikikosewa yeye akaiita talaka. Siku moja nilikosea mara tatu mfululizo, akaniandikia: "Talaka tatu, shoga! Hapo hakuna kurejeana." Nilicheka mpaka machozi, peke yangu, mbele ya kompyuta saba.

Nikaanza kufungua mapema. Nikaanza kununua mandazi mawili kwa mama wa chai ili niyale saa nne, wakati yeye yupo, kana kwamba tunakunywa chai pamoja. Mteja akija saa hiyo nilimhudumia, lakini haraka, na uso wangu ulimwambia afupishe habari zake. Kinyozi aliniambia kupitia kwenye ubao, "Auntie, siku hizi unaimba. Umepata msee wa kukupenda?" Nikamwambia anyoe watu, aachane na mambo yangu.

Baada ya mwezi hivi nilimuuliza kwa nini huja asubuhi tu na huondoka ghafla. Akanieleza. Hakuwa Pwani. Alikuwa Uarabuni, mfanyakazi wa nyumbani, mwaka wa tatu sasa. Akaunti haikuwa yake, ilikuwa ya binti wa mwenye nyumba, msichana wa miaka kumi na mitano. Msichana alitaka ujuzi wa kuchanganya metali ufike mia ili atengeneze silaha nzuri, lakini kuupandisha kulimchosha. Basi akampa kazi mfanyakazi: kila siku ya shule, akishapiga deki na kuteleka wali, achukue tableti akachanganye.

"Kwa hiyo unachanganya kama unavyofua?" nikamuuliza.

"Kufua kuna afadhali, nguo haina ngazi mia. Lakini nakuambia kweli, siku hizi saa hii naingoja."

Nikamuuliza ikifika mia itakuwaje.

"Ikifika mia kazi imekwisha. Tableti inarudi kwake, mimi narudi kwenye sufuria."

Alikuwa ngazi ya sabini na moja. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa mbali, lakini ngazi yangu haikunihusu tena. Mchana ule baada ya yeye kuondoka nilifanya hesabu nyuma ya fotokopi. Kwa mwendo tuliokuwa nao, ilibaki miezi miwili, labda pungufu. Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Mteja aliingia akataka kuchapisha barua, nikamwambia mashine imeharibika, na haikuwa imeharibika. Sikutaka mtu chumbani.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Mara ya kwanza ilikuwa kosa la kweli. Nilikuwa napima mkupuo mkubwa, ule ambao metali yake inachukua siku nzima kukusanya, na mzee mmoja akawa ananiuliza swali juu ya fomu. Kidole kikateleza nikatia bati moja zaidi. Bati likizidi, shaba inakuwa ngumu halafu inavunjika. Mkupuo mzima ukawa talaka. Nikamwomba radhi, akacheka, akasema ajali haina kinga. Siku hiyo ilibidi turudi mlimani kuchimba upya, na kwa sababu ya kuchimba tukaongea zaidi. Akanieleza namna mama yake alivyokuwa akipika mkate wa sinia. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na njiani, karibu na wauza mboga wa mtaa wa Umoja, nikaelewa furaha ile imetoka wapi.

Wiki iliyofuata niliongeza bati kwa makusudi.

Si kila siku. Mimi si mjinga. Mara moja kwa siku tatu, baadaye mara moja kwa siku mbili. Kipande kimoja tu, kwenye mkupuo mkubwa. Yeye alikuwa kwenye mivukuto na hakuweza kuona kipimo changu, anaona kinachotoka tu. Hata siku moja hakunishuku. Alijilaumu mwenyewe. "Labda mkono wangu mzito leo," aliandika. "Labda navuta kabla ya wakati. Nifundishe, shoga, wewe unajua kuhesabu." Nami nikamfundisha. Nilimweleza kwa urefu namna ya kuvuta mivukuto, mimi niliyekuwa na bati la ziada mkononi.

Siku nyingine aliandika, "Binti amenuna. Anasema mimi mvivu, siku mbili ngazi haijapanda."

"Mwambie asubiri. Haraka haraka haina baraka."

"Yeye anaweza kusubiri. Mimi ndiye nina haraka kidogo. Tujitahidi."

Hapo ndipo ningemuuliza: haraka ya nini? Swali la maneno matatu. Mtoto angeuliza. Lakini niliposoma neno haraka nilisikia kwamba amechoka nami, anataka tumalize aondoke, na nikaumia. Nina tabia hiyo tangu utotoni, naumia kwanza ndipo nafikiri. Nikamjibu "sawa" kavu, na siku hiyo nikaharibu mikupuo miwili.

Siku zikaenda hivyo. Themanini na tano, themanini na nane, tisini. Nilikuwa nimeisukuma mbele siku ya mia kwa wiki mbili, pengine zaidi, na nilijiambia simdhuru mtu. Nani amewahi kudhurika kwa metali isiyokuwepo?

Jumatatu moja alichelewa. Nilikuwa nimeshakula mandazi yote mawili. Alipoingia hakupiga hodi, na tulikuwa tumefika mahali ambapo mmoja asipopiga hodi mwingine anamrudisha nje kwa mzaha. Sikumrudisha.

"Mwanangu ameolewa jana," akaandika.

"Hongera! Mbona hukuniambia? Hongera sana mama wa bibi harusi!"

Kijitu chake kilisimama karibu na tanuri bila kushika mivukuto.

"Sikuiona," akaandika.

Halafu akanieleza, mstari baada ya mstari, nami nikasoma. Simu yake hukaa kwa mama mwenye nyumba, anapewa Ijumaa jioni tu. Harusi ilikuwa Jumapili. Aliomba, akaambiwa siku ni Ijumaa. Binti ndiye aliyemhurumia kwa namna yake: akamwambia, nifikishe mia kabla ya Jumapili, nami nitakupa tableti umwone mwanao akitolewa mbele ya wageni. Wadogo zake kule nyumbani walikuwa tayari kushika simu ili aone kila kitu, tangu kupambwa mpaka bwana harusi anapoingia. Jumamosi aliomba tena. Binti akamwonyesha: tisini na tatu. Akasema makubaliano ni makubaliano.

"Jumapili nilikuwa napiga pasi," akaandika. "Nikitazama saa ya ukutani. Nikisema sasa anapakwa hina miguu, sasa anavalishwa. Mtoto wangu mmoja tu."

Sikuhitaji karatasi kuhesabu. Zile siku mbili mbili, ile mikupuo, bati moja hapa na bati moja pale. Angefika mia mapema katika wiki ile, na siku za kubaki. Nilitaka kumwambia. Nakuapia nilitaka. Nikaandika neno ambalo kwetu ndilo la kwanza kutoka mtu akiwa amekosa.

"Pole," nikaandika. "Pole dada. Pole sana."

Sisi wa Eastlands ukimkanyaga mtu kwenye foleni unamwambia pole. Ukichelewa, pole. Ukivunja kikombe cha wenyewe, pole. Neno hilo tumelibebesha kila kitu, pamoja na yale makosa yetu tusiyoweza kuyataja. Mimi nilipoandika pole nilikuwa naungama. Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye kiti cha plastiki.

Lakini kwao pole si ya mkosaji. Mkosaji husema samahani, husema nisamehe. Pole anaitoa mtu aliye nje ya jambo, aliyekuja kukushika mkono.

"Ahsante, shoga," akajibu. "Nishapoa. Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole. Humu ndani hakuna aliyenipa."

Nililisoma hilo jibu mara nyingi. Nikaandika, "Hapana, hujanielewa." Nikafuta. Nikaandika, "Nisamehe." Nikafuta. Yeye akashika mivukuto akasema haya, tufanye kazi, machozi hayapandishi ngazi. Na mimi nikapima. Nikapima sawasawa, tisa kwa moja ya bati, saba kwa tatu ya zinki, kila kipande mahali pake. Siku hiyo hatukupata talaka hata moja, akanisifu.

Kutoka tisini na tatu mpaka mia tulitumia siku nane za shule. Ndivyo tulivyoweza kwenda, kumbe. Kila asubuhi nilikuja nimeazimia kumwambia, na nikashindwa, na mdogo wake alipompa habari Ijumaa, kila asubuhi akawa ananieleza jambo la ile harusi, nani alilia, nani alikuja bila kualikwa, na akafurahi kuwa na mtu wa kumsimulia. Nikajiambia kumwambia sasa ni kumnyang'anya hata hilo. Niliona ni huruma. Ulikuwa woga.

Siku ya nane mchezo ukapiga tarumbeta na dhahabu ya uongo ikamwagika kwenye skrini yake, nami niliiona kwenye yangu.

"Alhamdulillahi," akaandika. "Kazi imekwisha. Shoga, Mungu akuweke. Kama si wewe ningepata wazimu."

Nilianza kuandika. Niliandika kwa urefu mara hii, bila kuchagua maneno, nikasema ni mimi, ni mimi niliyekuwa nikiongeza bati. Nilipobonyeza kutuma, jina lake lilikuwa limeshazimika. Mchezo ukaniambia mchezaji hayupo, ujumbe haukufika.

Nilikaa wiki mbili bila kuingia. Nilifungua cyber saa mbili kama zamani. Mandazi nilinunua moja.

Nilipoingia tena ilikuwa alasiri, chumba kina wanafunzi wawili wakichapisha kazi ya shule. Jina lake lilikuwa linawaka. Nikaingia nyumba ya tanuri, nikaona kijitu kilekile, sasa kimevaa nguo za chuma zinazong'aa. Kabla sijaandika chochote kikaniandikia kwa Kiingereza. Alikuwa binti.

Alisema mfanyakazi wao amemwambia akikwama anitafute mimi. Amemwambia mimi ndiye ninayepima vizuri kuliko wote.

Nikamuuliza yuko wapi.

"Jikoni," akajibu.

Jikoni. Hatua chache kutoka pale alipokaa. Nikaandika kwa Kiingereza, mwambie sorry, halafu nikafuta kabla ya kutuma, maana nilishajua neno hilo likifika kule litakuwa pole tena, na nitaletewa ahsante nyingine. Mmoja wa wale wanafunzi akauliza karatasi zimeisha au vipi. Nikamwambia angoje.

Nikamwandikia binti taratibu, kwa maneno mepesi. Nikamwambia zile siku ambazo ngazi haikupanda, mfanyakazi wenu hakuwa mvivu. Yeye alikuwa anavuta mivukuto tu. Mimi ndiye niliyekuwa napima, na niliharibu kwa kusudi, mara nyingi. Bila mimi angefika mia kabla ya harusi ya mwanawe. Nenda kamwambie hivyo, na wewe mwenyewe ujue hivyo.

Nikaona alama ya mtu anayeandika, ikatoweka, ikarudi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilikuwa sitaki aondoke."

Ile alama haikurudi tena. Baada ya dakika kadhaa jina lake likafutika kwenye orodha yangu ya marafiki, si kuzimika, kufutika, na mchezo ukaniuliza kama ningependa kutafuta mwenzangu mwingine wa tanuri. Niliwawekea wanafunzi karatasi. Nilikaa mpaka jioni nikiitazama ile skrini, na mpaka leo sijui kama alikwenda jikoni kumwambia.